Hewa haitambui ujanja wa kufasiri sheria

Juzi nilisimama kando ya barabara kuu nikizibiwa gurudumu lililotobolewa na msumari. Fundi alikuwa kijana mchangamfu na hodari wa kazi yake, na kompresa yake ya kujazia upepo ilikuwa ikinguruma kando ya kibanda. Nilipokuwa nikisubiri, niliona jambo lililonishtua. Juu ya mtungi palikuwa na vali ndogo ya shaba, ile ambayo kazi yake ni kutoa hewa shinikizo linapozidi kiasi. Vali hiyo ilikuwa imezibwa kwa kijiti na kukazwa kwa waya.

Nikamwuliza kijana sababu. "Ilikuwa inapiga mluzi kila mara, mzee," akanijibu bila wasiwasi. "Inapoteza upepo bure, na stima ni ghali. Lakini si unaona bado ipo? Mkaguzi akija ataiona."

Msomaji mpenzi, nimelitafakari jibu hilo kwa siku kadhaa. Kijana yule hakuvunja sheria kwa namna tuliyoizoea. Hakuing'oa vali. Aliifasiri sheria. Sheria yasema mtungi uwe na vali, na mtungi wake una vali. Maneno ya sheria yametimizwa, nayo roho yake imetolewa. Kando ya mtungi huo alikuwa ameketi mtoto wa miaka kama kumi hivi akichezea kifuniko cha chupa.

Kisa hiki kimenirejesha kwenye kitabu cha kanuni ambacho nimekuwa nikikisoma kwa muda, kitabu kilichoandikwa mbali na barabara zetu kwa ajili ya vijana wa shule. Ni kanuni za mashindano ya roboti yaitwayo FIRST Robotics Competition, ambayo chimbuko lake ni Marekani. Ndani yake mna sehemu nzima inayohusu hewa iliyoshindiliwa. Na humo, mwanafunzi wa miaka kumi na sita hulazimika kukabiliana na swali lile lile lililomshinda fundi wangu: je, kanuni husomwa vipi?

Kwa wasioyafahamu mashindano hayo, shirika linaloyaendesha lilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, na timu zilizoshiriki zilikuwa 28 tu. Leo timu ni maelfu, kutoka Marekani kwenyewe, Kanada, Mexico, Israel, Uturuki, Australia na kwingineko. Kila Januari mchezo mpya hutangazwa pamoja na kitabu kipya cha kanuni. Wanafunzi wa shule za upili, wakisaidiwa na watu wazima wenye ujuzi, huunda roboti inayoweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50, kisha huipeleka uwanjani kushindana na za wenzao katika mechi za dakika mbili na nusu hivi.

Roboti hizo huendeshwa kwa mota za umeme. Lakini timu nyingi huongeza viungo vinavyosukumwa na hewa, kwa sababu hewa ina nguvu, ni nyepesi, na hufanya kazi kwa kasi. Kompresa ndogo hujaza matangi. Kutoka matangini hewa hupita kwenye kidhibiti kinachopunguza shinikizo, ikaingia kwenye vali zinazofunguliwa kwa umeme, na hatimaye ikafika kwenye silinda yenye pistoni ndani. Pistoni ikisukumwa, mkono wa roboti hunyanyuka, au mdomo wake hufumba na kukamata mpira.

Kanuni zimeweka mipaka miwili mikuu. Hewa iliyohifadhiwa matangini isizidi ratili 120 kwa kila inchi ya mraba. Hewa inayofanya kazi, yaani ile iliyokwisha kupita kwenye kidhibiti, isizidi ratili 60. Ili tuelewe ukubwa wa tarakimu hizi, tukumbuke kwamba gurudumu la gari dogo hujazwa ratili 30 hadi 35 hivi. Tanki la roboti ya mwanafunzi, basi, hubeba shinikizo karibu mara nne ya lile la gurudumu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Silinda yenye kipenyo cha inchi mbili ina eneo la inchi za mraba tatu na ushei. Ukiisukuma kwa ratili 60, itatoa nguvu ya ratili 188, sawa na uzito wa kilo 85. Huo ni uzito wa mtu mzima mwenye mwili wake, akitua ghafla juu ya kidole cha mtoto. Tena tofauti na maji, hewa hushindilika kama springi. Tanki la maji likipasuka humwaga maji. Tanki la hewa likipasuka hurusha vipande. Hapa hatuzungumzii mchezo wa karatasi.

Ndiyo maana watungaji waliweka walinzi kadhaa, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza ni swichi inayohisi shinikizo na kuizima kompresa linapofikia takriban ratili 115. Wa pili ni vali ya usalama, iliyorekebishwa ifunguke kwenye ratili 125. Wa tatu ni geji mbili, moja upande wa akiba na nyingine upande wa kazi, ili jicho la binadamu nalo liwe mlinzi. Wa nne ni vali ya kutolea hewa kwa mkono, ambayo sharti iwe mahali inapoonekana na kufikika kwa urahisi.

Hadi hapo msomaji ataniuliza: sasa pana nini cha kufasiri? Mbona mambo ni wazi kama mchana?

Laiti ingekuwa hivyo! Kila kanuni, hata iwe wazi namna gani, hukutana na mtu mwenye haja. Na mwenye haja haachi kuuliza kama mlango umefungwa kabisa au umeegeshwa tu. Vijana hawa wana haja kubwa: wanataka roboti yao iwe nyepesi zaidi, yenye kasi zaidi na nguvu zaidi. Hapo ndipo kazi ya kufasiri inapoanza.

Kitabu chenyewe kimeliona jambo hili mapema. Kinawaambia wasomaji wake kwamba maneno yake yana maana ile ile iliyoandikwa, bila kuzidi wala kupungua. Kinawaonya dhidi ya makosa matatu: kubahatisha nia ya mtungaji, kutegemea kanuni za miaka iliyopita, na kulinganisha na mambo yalivyo katika maisha ya kawaida. Kwa maoni yangu, onyo hilo ni somo ambalo wengi wetu tulipaswa kulipata tukiwa shuleni. Acheni nilieleze kosa moja moja.

Kosa la kwanza ni kubahatisha nia. Kanuni yasema vali ya usalama iunganishwe moja kwa moja na kompresa, au kwa viungo vigumu vilivyoidhinishwa vinavyotoka kwenye mdomo wa kompresa. Kijana mmoja hutazama roboti yake na kuona nafasi haitoshi. Hufikiri hivi: "Nia ya kanuni ni usalama. Neli yangu ya plastiki ni imara, imeandikwa kwamba inastahimili shinikizo kubwa. Nikiiweka vali mwisho wa neli, usalama upo. Kwa hiyo nimetimiza nia."

Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini ina upofu. Neli laini huweza kujipinda, ikabanwa na gurudumu au kuchomoka. Ikibanwa, kompresa itaendelea kushindilia hewa upande mmoja huku vali ikikaa upande wa pili bila habari. Mlinzi ametengwa na mlango anaoulinda. Aliyeandika kanuni alikwisha kuiwaza hatari hiyo, kijana hakuiwaza. Hii ndiyo hatari ya kudai tunaijua nia: mara nyingi tunaijua sehemu ile tu inayotufaa.

Kosa la pili ni kutegemea kumbukumbu. Zamani kulikuwa na misimu ambapo timu iliruhusiwa kuiacha kompresa nje ya roboti, ikajaza matangi kabla ya mechi na kupunguza uzito. Baadaye kanuni zikabadilika: hewa yote itoke kwenye kompresa moja tu, na kompresa hiyo iwe imefungwa kwenye roboti yenyewe. Mwalimu mkongwe anayewaambia wanafunzi wake, "Sisi mwaka ule tulifanya hivi na tukapita," huwapoteza kwa nia njema. Ya kale hayanuki, walisema wahenga, lakini katika kitabu kinachoandikwa upya kila mwaka, ya kale yanaweza kukufungia mlango wa uwanja.

Kosa la tatu ni kulinganisha na maisha ya nje. Katika karakana za mijini watu hutumia shinikizo kubwa kuliko hili kila siku. Viwandani mafundi hupaka mitambo rangi, huchonga ncha za silinda, hutoboa tundu pale penye haja. Kwa nini basi mwanafunzi akatazwe hata kupaka tanki rangi za shule yake? Kanuni hazimruhusu. Vifaa vya hewa havichongwi, havipigwi msasa, wala havipakwi rangi. Neli yaweza kukatwa kwa urefu unaotakiwa. Viungo vyaweza kuunganishwa kwa hesi zake za asili. Kibandiko chaweza kuwekwa kueleza kazi ya kifaa. Zaidi ya hapo, mikono mbali.

Sababu si ukali usio na maana. Kiwanda kilichotengeneza tanki kilithibitisha uwezo wake likiwa katika hali ile lilivyotoka. Ukilipiga msasa umelipunguza unene, na hakuna ajuaye kwa kiasi gani. Ukilipaka rangi umefunika mkwaruzo au ufa ambao mkaguzi angeuona. Kuna hata matangi meupe ya aina moja ambayo kanuni zimeyataja kwa namba ya kiwanda na kuyakataza kabisa. Hapo hapana cha kufasiri. Mwenye nalo aliweke kabatini.

Sasa nataka tuingie mahali ambapo usomaji makini wa neno moja waweza kuokoa mkono wa mtoto. Kanuni ya vali ya kutolea hewa kwa mkono yasema kwamba vali hiyo ikifunguliwa, itoe shinikizo lote lililohifadhiwa kwa muda unaofaa. Neno la kuangalia ni "lote".

Chukulia timu iliyotumia vali ya umeme ambayo, ikizimwa, hufunga njia zote na kuiacha hewa ndani ya silinda. Wameipenda kwa sababu mkono wa roboti hubaki umenyanyuliwa hata umeme ukikatika. Mechi imekwisha. Kijana anafungua vali ya mkono, hewa inatoka kwa kishindo, geji ya matangi inashuka hadi sufuri. Anaingiza mkono kutengeneza mnyororo uliolegea. Lakini geji ile ilikuwa ikipima matangi. Silinda bado imejaa, imejifungia, inangoja. Akiligusa lisilopaswa kuguswa, au neli ikichomoka, uzito ule wa mtu mzima tulioupigia hesabu utashuka juu ya vidole vyake.

Je, timu hiyo imetii kanuni? Aliyesoma haraka atasema ndiyo: vali ipo, inaonekana, inafikika, na geji imeshuka. Aliyesoma neno "lote" atasema sivyo. Hewa iliyofungiwa kwenye silinda nayo ni hewa iliyohifadhiwa, na haikutoka. Tafadhali tazama, msomaji, jinsi maandishi na nia yanavyokutana hapa. Huhitaji kubahatisha nia yoyote. Soma tu neno lililoandikwa, ulichukue kwa uzito wake, nalo litakupeleka penye usalama.

Ama kuhusu "muda unaofaa", hapo kanuni imeacha uwazi. Sekunde tano? Dakika moja? Haikutaja. Baadhi ya watu hulalamika kwamba huu ni udhaifu, na kwamba kila jambo lipewe tarakimu. Mimi siafiki. Roboti zinatofautiana, yenye matangi mengi haiwezi kulingana na yenye tanki moja. Mahali kama hapo kanuni humwomba msomaji atumie busara, na tena ajue kwamba busara yake itapimwa na mkaguzi. Kijana anayekwenda kwa mkaguzi akisema, "Yetu inachukua sekunde kadhaa, tazama," hana wasiwasi. Anayekwenda na maelezo marefu kuhusu maana ya neno "unaofaa" amekwisha kujishuku mwenyewe.

Kuna mtihani mwingine unaozikuta hasa timu zilizo nje ya Marekani. Kanuni hizi zimeandikwa kwa inchi na ratili, ilhali vifaa vinavyouzwa sehemu nyingi za dunia vimeandikwa kwa milimita na bar. Kifaa cha upande wa akiba sharti kiwe na uwezo wa kustahimili angalau ratili 125. Mwanafunzi ananunua kiungo kilichoandikwa bar 8. Anakumbuka kwamba mpaka wa matangi ni ratili 120, ambazo ni bar 8 na ushei, akaona mambo yamekwenda sawa. Lakini bar 8 ni ratili 116 tu. Kiungo hakifai. Kilichoandikwa bar 10, ambazo ni ratili 145, kinafaa. Tofauti ya ratili tisa inaonekana ndogo katika karatasi. Ndiyo hiyo hiyo inayotenganisha kifaa kilichothibitishwa na kifaa cha kubahatisha.

Vivyo hivyo neli. Mpaka ni robo inchi kwa kipenyo cha nje, yaani milimita 6.35. Neli ya milimita 6 ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo inaruhusiwa. Vizuri. Lakini ukiichomeka neli hiyo ya milimita 6 kwenye kiungo cha robo inchi, haitashikwa sawasawa. Itavuja, au itachomoka katikati ya mechi na kupigapiga kama mjeledi. Kanuni ya kipenyo haikuvunjwa, na bado kosa limetendeka. Mfano huu wanikumbusha kwamba kutii maandishi ni sharti la kwanza, wala si la mwisho. Anayejua sababu za kanuni huona hatari hata pale ambapo kanuni imenyamaza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kusoma kwa makini ni kujinyima kila kitu. La hasha! Usomaji huo huo wa maneno yalivyo hufungua milango mingi ambayo mwoga hakuiona. Kanuni yakataza kuunganisha pamoja hewa inayotoka kwenye vali mbili za umeme. Timu inayotaka nguvu zaidi haiwezi kuelekeza vali mbili kwenye silinda moja. Lakini hakuna neno linalokataza silinda mbili, kila moja na vali yake, zikisukuma mkono mmoja. Hewa hazikukutana, ni chuma tu ndicho kilichokutana. Timu iliyosoma vizuri hupata nguvu maradufu pasipo kuvunja chochote, na pasipo kumwonea haya mkaguzi.

Tena kanuni zenyewe zimetaja vitu ambavyo, ingawa vina hewa, havihesabiwi kuwa vifaa vya hewa. Gurudumu lililojazwa upepo halimo. Mtambo wa kunyonya hewa ili kushikilia kitu haumo. Springi za gesi zilizofungwa kiwandani hazimo. Vyote hivyo vinabaki chini ya kanuni nyingine za usalama, ila havilazimiki kuwa na swichi, geji na matangi. Huu si ujanja. Ni haki iliyotolewa waziwazi kwa yule aliyejipa taabu ya kusoma hadi mwisho wa ukurasa.

Na panapobaki shaka ya kweli, njia ipo. Msimu ukianza, timu huruhusiwa kutuma maswali, na majibu hutolewa hadharani kila mtu ayaone. Napenda utaratibu huu kuliko jambo lingine lolote katika mashindano hayo. Timu ikiuliza kwa siri na kujibiwa kwa siri, ingepata faida juu ya wenzake. Jibu likitolewa mbele ya wote, swali la mmoja huwa taa ya wengi. Tena wanaojibu hawakubali kugeuzwa mawakili wa timu. Hawatoi hukumu kuhusu mchoro wa roboti fulani, wala hawarudii ugomvi wa shindano lililopita. Hufafanua kanuni, kisha humwachia mwuliza kazi ya kufikiri.

Uwanjani mwenye neno la mwisho ni mkaguzi mkuu wa roboti. Hapa nami nina neno kwa watu wazima. Kitabu hiki kimesema waziwazi kwamba hakina masharti yaliyofichwa. Aliyekisoma chote amejua yote. Basi mkaguzi hana ruhusa ya kuongeza kanuni kutoka kichwani mwake. Hawezi kumwambia mtoto, "Sipendi ulivyofunga tanki hili," akamzuia asicheze, ikiwa hakuna andiko linalomuunga mkono. Anaweza kumshauri, hata kumsihi. Lakini akimzuia sharti amwonyeshe mstari. Na mtoto naye, akidai kiungo chake kina uwezo wa ratili 145, hana budi kutoa karatasi ya kiwanda inayothibitisha. Kila upande una mzigo wake wa ushahidi. Ni watu wazima wangapi katika ofisi zetu hufanya kazi kwa mizani hiyo?

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto wa matajiri wa ng'ambo, na kwamba sisi tuna shule zisizo na madawati. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini vyama vya roboti vimekwisha kuchipua katika baadhi ya shule zetu, na mtaala wa umilisi unatuhimiza kuwafundisha watoto kwa vitendo. Siku itafika ambapo mwalimu wa kwetu atawasha kompresa mbele ya darasa. Ningependa siku hiyo awe ameshika kitabu cha kanuni, na awe amejifunza kukisoma.

Isitoshe, ugonjwa wa kufasiri kwa ujanja sisi twaujua kwa jina. Mwaka 2004, kanuni za uchukuzi zilizopewa jina la waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, magari ya abiria yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo ili yasizidi kilomita 80 kwa saa. Si muda mrefu, wapo waliogundua kwamba kidhibiti chaweza kufungwa siku ya ukaguzi na kukatwa waya siku ya pili yake. "Si unaona kipo?" Maneno hayo ni ndugu wa toka nitoke wa jibu la fundi wangu. Kifaa kipo, cheti kipo, mkaguzi ameridhika, na abiria wanazikwa.

Kanuni ya vali ya usalama ina fundisho hapa. Kitabu hakikutosheka na kusema vali iwepo. Kinataka iwe imerekebishwa ifunguke kwenye ratili 125, kwa kuwa vali yaweza kununuliwa dukani ikiwa haijarekebishwa. Kuwa na vali na kuwa salama ni mambo mawili. Mwanafunzi hulazimika kukaa na geji, azungushe skrubu kidogo kidogo, asikilize hewa ikianza kutoka, aangalie tarakimu, arudie tena. Akimaliza, vali ile si kipambo tena. Anajua inafunguka lini kwa kuwa ameisikia kwa masikio yake. Kijana aliyefanya hivyo mara moja hawezi kuja kuiziba kwa kijiti.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nami naiweka mbele yenu bila kuificha. Tunapowafundisha vijana kusoma kanuni, tusiwafundishe kutafuta mwanya, na tusiwafundishe kuogopa. Tuwafundishe mambo matatu. Wasome kilichoandikwa, neno kwa neno, wasiongeze wala wasipunguze. Wakitatizwa, waulize mbele ya watu. Na wajue sababu ya kila sharti, ili walishike hata mkaguzi akiwa amekwenda zake. Wakili mwerevu anaweza kumshawishi hakimu. Anaweza pia kumchosha mkaguzi hadi akatia sahihi. Lakini hewa iliyoshindiliwa haisikilizi hoja. Ikipita kiasi, hupasua.

Kabla sijaondoka pale kibandani, nilimweleza fundi kuhusu uzito ule wa kilo 85 na silinda ya inchi mbili. Nilimwambia mtungi wake ni mkubwa kuliko tanki lolote la roboti. Alinisikiliza kwa adabu, akautazama mtungi, kisha akamtazama yule mtoto. "Ni wa dada yangu," akasema. Alichukua koleo, akafungua waya, akakitoa kijiti na kukitupa mtaroni.

Vali ikaanza kupiga mluzi. Akamwita mtoto akae upande wa pili wa kibanda, akarudi kwenye gurudumu langu. Ulikuwa mluzi wa kuudhi, sikatai, na nilipolipa na kuondoka nilikuwa bado nikiusikia nyuma yangu.